U0184 Haijasema Redio Imekufa

Kifaa cha kupimia gari kikikuandikia msimbo U0184, kimesema jambo moja tu: kuna boksi, yaani kompyuta ndogo, ndani ya gari limeisubiri redio, na redio haikusikika. Hakijasema redio imekufa. Hakijasema nunua nyingine. Kati ya kutosikika na kufa kuna fyuzi, kuna ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), kuna plagi, kuna betri, kuna maji, kuna panya, na kuna mkono wa fundi aliyepita kabla yako. Hapo katikati ndipo pesa za watu zinapopotelea, na zinapotea nyingi mno kwa kosa ambalo globu moja ya indiketa ingelionyesha.

Kazi yangu ni umeme wa magari, hapa Mtwara mjini. Simu yangu haikosi picha za skrini za skana, nyingine zimepigwa gizani, nyingine zimekatwa nusu, na chini ya picha swali ni lile lile: "Fundi, redio ya gari hii bei gani?" Anayeuliza hana kosa. Ameshaambiwa huko alikotoka kwamba redio imekwisha. Lakini redio ya kiwandani ya gari la miaka hii si kitu cha kuagiza kwa kubahatisha. Kwetu kusini itatoka Kariakoo, itapanda basi, itasafiri zaidi ya kilometa 550 ndipo ifike, na muuza spea za umeme akishakuona umefungua boksi, kurudishiwa pesa sahau. Tena redio nyingi za kiwandani zimefungwa kwa namba ya chasisi ya gari lililozaliwa nazo. Ukiitoa kwenye gari moja ukaipachika kwenye jingine, inawaka, inaandika kwamba imefungwa, kisha inanyamaza mpaka apatikane mtu mwenye programu ya kuioanisha na gari jipya. Mtu huyo naye mara nyingi yuko Dar es Salaam.

Tuusome msimbo wenyewe kwanza. Herufi ya mwanzo inakuonyesha upande wa gari. P ni injini na giaboksi. C ni chasisi, yaani breki, usukani na mambo ya chini. B ni bodi: milango, vioo, eabegi. U ni mtandao, mazungumzo ya maboksi yenyewe kwa yenyewe. Tarakimu 0 inayofuata ina maana msimbo huo ni wa wote, umepangwa kwa viwango vya pamoja. Ukikuta 1, huo ni wa kiwanda husika na tafsiri yake utaitafuta kwa kiwanda hicho. Ndiyo maana U0184 haibadiliki ukihama kutoka Chevrolet kwenda Ford: mawasiliano na redio yamepotea. Ndugu zake wa karibu ni U0100, kompyuta ya injini. U0121, boksi la breki za ABS. U0140, boksi la bodi. Na U0155, kibao cha mita. Ukiikuta U0184 imekaa peke yake, shughulika na redio na waya zake. Ukiikuta imeandamana na hao ndugu, redio iache hapo ilipo, kapime betri na mtandao mzima.

Mtandao unaotumika kwenye magari mengi unaitwa CAN. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuutengeneza mwaka 1983, ikautambulisha Detroit mwaka 1986, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukawa umeingia kwenye magari ya kuuzwa. Shida iliyokuwapo ilikuwa waya. Kila kilichoongezwa kwenye gari kilitaka waya wake, mafungu yakanenepa, gari likawa zito na ghali. CAN ikaleta waya mbili zilizosokotwa pamoja, na maboksi yote yakazungumzia humo. Mtandao ukiwa kimya, kila waya unasimama karibu na volti 2.5. Boksi likitaka kusema, waya mmoja unapanda hadi kama 3.5 na mwenzake unashuka hadi kama 1.5, na maboksi mengine yanasoma tofauti iliyopo kati ya hizo mbili. Kelele ya umeme ya alteneta, ile inayochaji betri, ikiingia, inaziingia zote mbili kwa pamoja, tofauti inabaki ile ile. Kusokotwa kule kuna kazi yake. Fundi anayekata waya za CAN akaziunga kwa kipande kirefu cha waya wa spika kilichonyooka ameondoa ulinzi huo kwa mkono wake mwenyewe.

Kila boksi kwenye mtandao linatakiwa litoe ujumbe wake kila baada ya muda mfupi uliopangwa, na maboksi mengine yanausubiri. Muda ukipita bila kusikia, yanaandika msimbo. Ni mwalimu na daftari la mahudhurio: asiyeitikia jina lake anawekewa alama ya hayupo, na daftari halikuambii kama mtoto anaumwa, amechelewa kwa mvua, au amesimama mlangoni sauti haijafika. Kujua hilo ni mpaka mtu aende nyumbani kwake.

Wapo wanaoniuliza redio inahusianaje na kompyuta za gari. Zamani haikuhusiana. Ilikuwa na waya wa umeme, ethi, antena na spika, basi. Leo vibonye vya usukani havina waya unaokwenda moja kwa moja kwenye redio. Vinaingia kwenye boksi jingine, na boksi hilo linaiambia redio kwa mtandao kwamba dereva anataka sauti ipande. Redio inapokea mwendo wa gari ili iongeze sauti kadiri upepo unavyoongezeka. Skrini ya redio ndiyo inayoonyesha kamera ya nyuma. Kwenye magari mengi ya General Motors hata mlio wa kukukumbusha mkanda unapita kwenye redio, hivyo redio ikitoka, gari zima linakuwa bubu. Mtu anakuja analalamika kwamba kamera haionyeshi na vibonye havifanyi kazi, hataji redio hata kidogo, kumbe chanzo ni kimoja.

Msimu mmoja wa korosho alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Tandahimba na pikapu yake ya milango minne. Alikuwa ameshapimwa kwingine na ametajiwa bei ya redio. Nilimsalimu, akaitikia marahaba, akaingia kwenye shida yake bila kuzunguka.

"Nimeambiwa redio imekufa. Nimekuja tu ili uniambie ile bei niliyotajiwa ni ya haki au naibiwa."

"Inakufa wakati gani, mzee? Asubuhi ukiwasha, au ukiwa safarini?"

"Safarini. Hapa nikisimama inaimba vizuri tu. Nikishaingia kwenye vumbi, nikiongeza sauti nisikie habari za mnada, inazima. Inatoa ile nembo yake, inaanza upya. Inaweza kunifanyia hivyo mpaka Newala."

Mtu akikwambia maneno hayo amekufanyia nusu ya kazi. Redio iliyokufa haiimbi ukisimama. Redio inayozimika sauti ikipanda inanyimwa umeme, kwa sababu sauti ikipanda ndipo inapovuta ampea nyingi. Na inayozimika kwenye barabara mbovu ina kitu kinachotikisika. Mzee alikuwa amenipa vyote viwili kabla sijafungua mlango wa gari. Nilipomuuliza kama hayo alimweleza fundi wa kwanza, alisema hakuulizwa. Fundi alichomeka mashine, akasoma, akataja bei.

Kwa upande wetu mambo haya si madogo. Mkulima na mnunuzi wanafuata bei za minada ya korosho ya vyama vikuu vya ushirika kama TANECU, cha Tandahimba na Newala, siku ile ile, na kwenye gari redio ndiyo inayowafikia wakiwa njiani. Mzee hakuwa anatafuta muziki.

Nilianza na betri. Sianzi kwingine kwenye msimbo wowote wa U, na ninamwomba kila fundi kijana anayesoma hapa asianze kwingine. Betri nzima iliyopumzika inasoma kama volti 12.6. Wakati stata inazungusha, isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka, alteneta ilete kati ya 13.5 na 14.7. Joto la pwani linaua betri mapema kuliko watu wanavyodhani, na betri iliyochoka ikishuka wakati wa kuwasha, maboksi yanaanguka na kuamka kwa nyakati tofauti. Lililowahi kuamka linaita wenzake, linakuta kimya, linaandika misimbo. Gari limewaka, kila kitu kinafanya kazi, lakini kumbukumbu imejaa malalamiko. Kwenye gari la mzee betri ilikuwa nzima na alteneta nzima.

Kisha nilisoma maboksi yote, siyo injini peke yake. Hapa vifaa vya bei rahisi vinadanganya watu, na haviwadanganyi kwa kuandika uongo. Vinawadanganya kwa kutosikia. Soketi ya kupimia chini ya usukani ina pini 16. Pini ya 16 ni umeme wa betri, ya 4 na ya 5 ni ethi, ya 6 na ya 14 ni CAN ya kasi kubwa, ile ya injini na breki. Adapta nyingi ndogo za bluetooth zinasikiliza hizo tu. Lakini magari mengi yanaiweka redio kwenye mtandao wa pili wenye kasi ndogo. Ford, kwa mfano, kwenye magari yao mengi wameupitisha kwenye pini ya 3 na ya 11. Ndiyo maana kuna adapta zenye swichi ndogo ubavuni ya kuhama kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na programu kama FORScan inakwambia uibonyeze. Mwenye adapta isiyo na njia hiyo atasema redio haipatikani kwenye gari lolote la aina hiyo utakalomletea, hata gari jipya kabisa.

Skana yangu iliipata redio ya mzee. Ilikuwa hai, inajibu, inatoa namba yake ya programu. U0184 ilikuwa imeandikwa na kibao cha mita na boksi la vibonye, na yote miwili ikiwa ya zamani, yaani tatizo lilitokea na sasa halipo. Ndani ya redio yenyewe kulikuwa na msimbo mwingine uliolalamika kwamba umeme ulioifikia ulikuwa mdogo. Hakuna aliyekuwa ameusoma huo. Nikaiandika misimbo yote kwenye daftari, pamoja na jina la boksi lililoiandika, kabla ya kufuta chochote. Fundi anayefuta kwanza ili "aone kama itarudi" ametupa ushahidi wa mteja, na kwenye tatizo la kuja na kuondoka unaweza kukaa na gari kutwa nzima bila kuuona tena.

Fyuzi niliziangalia kwa kupima volti pande zote mbili, zikiwa mahali pake. Kwa kawaida redio ina umeme wa aina mbili: wa kudumu, unaotunza kumbukumbu na ndio unaobeba mzigo, na ule wa swichi unaoiamsha. Siku hizi kuna magari ambayo ule wa pili haupo, redio inaamshwa kwa ujumbe wa mtandao. Fyuzi zilikuwa sawa.

Nikachomoa redio. Waya wa umeme wa kudumu ukasoma volti 12.5 kwa multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi, ethi nayo ikaonekana ipo. Wengi huishia hapo: umeme upo, ethi ipo, basi redio ndiyo mbovu. Multimita haivuti mzigo wowote. Waya wenye nyuzi ishirini zilizokatika ukibaki na uzi mmoja, multimita itakuandikia volti 12 kamili na utaapa kwamba waya ni mzima. Ndiyo maana ninatembea na globu ya indiketa ya wati 21 iliyolehemewa waya mbili. Inavuta karibu ampea 1.75, mzigo wa kutosha kumwumbua waya mchovu.

Nilipachika globu kati ya umeme wa kudumu na chuma safi cha bodi. Ikawaka nyeupe, kali. Nikahamisha waya mmoja kutoka kwenye chuma kwenda kwenye pini ya ethi ya plagi ya redio. Ikawaka nyekundu, hafifu, unaweza kuitazama bila kufumba macho. Nikamwita mzee aone. Globu ikiwa bado inawaka, nikaweka multimita kati ya ile pini ya ethi na ncha ya hasi ya betri: zaidi ya volti 3. Kwenye ethi nzuri pale husomi hata sehemu ya kumi ya volti. Kwa hiyo robo ya umeme wa redio ilikuwa inapotelea njiani kurudi kwenye betri. Redio iliwaka kwa sauti ya chini kwa sababu haikuhitaji mwingi. Sauti ikipanda, umeme uliobaki haukuitosha, ikajizima, ikaanza upya. Na wakati inaanza upya haitoi ujumbe wowote kwenye mtandao. Wenzake wakaisubiri, muda ukapita, wakaandika U0184. Walisema kweli tupu.

Ethi ile ilikuwa inashuka nyuma ya plastiki ya pembeni, karibu na mguu wa kushoto wa abiria, kwenye bolti moja inayobeba ethi kadhaa. Nilipoitoa plastiki nilikuta chini ya nati ile ile kumesukumwa waya mwembamba wa kifaa cha kufuatilia gari, umezungushwa bila kichwa cha kubana, umelazwa kati ya vichwa vya ethi za kiwandani na bodi. Nati haikukazwa, niliigeuza kwa vidole. Shaba ya ule waya mwembamba ilikuwa imegeuka kijani, na ukijani ulikuwa umetambaa mpaka chini ya kichwa cha ethi ya redio. Nilipousugua kwa kucha ulitoka unga.

Wenzangu wa bara huenda hawauoni sana ukijani huu. Sisi tunaishi nao. Gari linaloegeshwa Mikindani au linaloshuka Msimbati kila mara linapumua hewa ya chumvi, na penye shaba tupu, unyevu na chumvi kutu haichelewi. Kichwa cha ethi cha kiwandani kimepakwa madini yanayokilinda na kimebanwa vizuri kwa sababu hiyo. Ukilaza waya mtupu juu yake umeifungulia chumvi mlango. Sina ugomvi na vifaa vya kufuatilia magari, vimewasaidia wengi. Ugomvi wangu ni kwa kazi inayofanywa upesi upesi kwenye waya za mtu ambaye hatajua kitu mpaka miezi ipite.

Matengenezo yalikuwa mafupi. Nilichomoa hasi ya betri na kusubiri, maana waya za eabegi ziko jirani. Nilifungua nati, nikasugua vichwa vyote na bodi kwa msasa mpaka chuma king'ae, nikarudisha ethi za kiwandani peke yake na washa yenye meno, nikakaza, kisha nikapaka grisi juu, siyo katikati. Ule waya wa kifaa niliupatia kichwa cha kubana na bolti yake yenyewe. Globu ikawaka nyeupe pande zote. Nikafuta misimbo, tukatoka na mzee, sauti juu, nikachagua kwa makusudi njia yenye mashimo. Tuliporudi nikasoma tena maboksi yote mbele yake, hakuna kitu. Alilipa ufundi, akarudi na pesa ya redio mfukoni.

Ethi ingekuwa nzuri, ningehamia kwenye waya za CAN zenyewe. Kwenye kila moja ya ncha mbili za mtandao kuna kizuizi cha omu 120. Ukichomoa betri, ukaacha maboksi yalale, ukapima kati ya waya mbili, unatakiwa usome karibu na omu 60. Ukisoma 120, upande mmoja umekatika. Ukisoma karibu na sifuri, waya mbili zimegusana. Mtandao ukiwa hai, multimita inakupa volti 2.5 na ushee kwenye waya wa juu na pungufu kidogo ya 2.5 kwenye wa chini, na jumla yake inakaribia 5. Kisha kuna jaribio ambalo halitaki kifaa chochote: mtandao ukiwa umekufa wote, chomoa redio. Maboksi mengine yakiamka, redio au kipande cha waya kinachokwenda kwake ndicho kinachowaziba midomo wote. Hapo sasa, ndiyo, mshuku redio. Haya ni ya CAN ya aina niliyoieleza juu. Kwenye BMW na Mercedes nyingi sauti inapita kwa mwanga kwenye nyuzi za plastiki zinazozunguka kama pete kutoka kifaa hadi kifaa, na pete ikikatika popote vifaa vyote vya sauti vinanyamaza. Omu 60 huko hutaikuta.

Kabla ya kufika huko kote, fungua macho. Kile kipira chini ya antena ya kwenye paa kinakauka kwa jua letu na kupasuka, na masika yakija maji yanafuata waya wa antena kutoka darini mpaka mgongoni mwa redio. Nimekuta plagi ya redio ina tone la maji wakati zulia la gari ni kavu. Na wenye magari yanayolala karibu na maghala ya korosho, panya. Panya anapenda fungu la waya lenye joto, na akitafuna waya mmoja wa CAN anakupa U0184 safi kabisa.

Sasa kuna aina nyingine ya U0184, na hii inaongezeka kila meli inaposhusha magari. Gari kutoka Japani linakuja na redio iliyotengenezwa kwa masafa ya huko. FM ya Japani kwa miaka mingi ilikuwa megahezi 76 hadi 90, baadaye ikasogezwa hadi 95. Ya kwetu ni 88 hadi 108. Unajikuta unapata stesheni chache za chini na zilizobaki hazipo. Skrini imeandikwa Kijapani, inadai diski au kadi ya ramani iliyobaki Yokohama. Wapo wanaofunga kile kiboksi cha kushusha masafa, nacho kinakupa sehemu tu ya stesheni. Wengi wanaitoa redio yote na kuweka ya Android yenye skrini kubwa. Siwalaumu hata kidogo. Mtu amenunua gari ili alitumie hapa.

Lakini kama redio ile ya kiwandani ilikuwa mwanachama wa mtandao, kuitoa hakuwaambii wenzake kwamba imeondoka. Wanaendelea kuisubiri. Skana ikichomekwa, U0184 ipo, ni ya sasa, ukiifuta inarudi ukiwasha tu. Msimbo huu kwa kawaida hauwashi taa ya injini wala hauzuii gari kwenda, na mtu anaweza kuishi nao. Redio nyingi za Android zinauzwa pamoja na kiboksi kidogo cha CAN kinachotafsiri vibonye vya usukani na kamera. Kikiwa ni cha gari hilo hasa, na kimechaguliwa sawasawa kwenye mipangilio ya redio, baadhi hutoa ujumbe kwa niaba ya redio ya zamani na malalamiko yanaisha. Kikiwa cha gari jingine hakisaidii, na kuna vingine vinaufanya mtandao usilale, betri inakutwa imekwisha asubuhi. Gari lililozimwa na kulala halitakiwi kuvuta zaidi ya miliampea 50 hivi. Tena wapo wanaosokota waya wa njano na mwekundu pamoja ili redio iwake bila swichi. Njano ni umeme wa kudumu, mwekundu ni wa swichi. Ukiziunganisha, redio haizimi kamwe, na betri mpya utainunua kabla ya wakati.

Kijana mmoja wa Masasi aliniletea gari lake likiwa katika hali hiyo. Redio ya Android inafanya kazi vizuri, kamera inaonyesha, gari linakula mafuta kama kawaida, lakini kila anapopimwa anaambiwa ana tatizo la redio, na gereji moja ilikuwa tayari imeanza kumtafutia redio ya kiwandani. Nilipima maboksi yote, nikapima umeme unaovutwa gari likiwa limelala, nikakagua miunganiko nyuma ya skrini na kutenganisha njano na mwekundu waliokuwa wamesokotwa. Kiboksi chake cha CAN hakikuwa na uwezo wa kuijibia redio ya zamani, na sikuona sababu ya kumtoza kingine kwa ajili ya msimbo usiomzuia kitu. Nilimwandikia kwenye karatasi, akaiweka pamoja na kadi ya gari: redio ya kiwandani imeondolewa kwa hiari ya mwenye gari, U0184 itaendelea kuwepo, waya za CAN nyuma ya skrini zimepimwa na ni nzima, asiuziwe redio.